Tarehe 28 Bombo, Uganda: pensheni imeingia

Saa 12 na nusu asubuhi. Sijawasha hata sigiri, simu inalia. Ni Mzee, sajini mstaafu wa polisi: "Binti, zimeingia!"

Saa 3. Kibanda changu cha kutoa kopi kimejaa. Pembeni ya kopi naandika vitabu vya hesabu vya wastaafu 9 kwenye kompyuta kuukuu, kwa programu ya bure ya GnuCash. Mzee anafungua daftari lake: "Pensheni, 251,500." Ndivyo alivyoona kwenye ujumbe wa benki.

"Na zilizoliwa njiani, Mzee?"

Pensheni yake ni 420,000. Kodi haimo, kwa kuwa Uganda pensheni haitozwi kodi ya mapato. Benki ndiyo iliyokata: 3,500 ada ya akaunti na 165,000 mkopo wa mabati. Kwa hiyo upande wa mapato naandika 420,000 zote, halafu nazigawa humohumo katika muamala mmoja: 251,500 zimebaki benki, 3,500 ada, 27,000 riba, 138,000 zimepunguza deni. Hizo za mwisho si matumizi. Mwaka jana aliandika rejesho lote kama gharama, akawa analalamika kwamba deni haliishi, kumbe limeshafika nusu.

Hesabu inakataa, pande mbili hazilingani. Programu imetupa 45,000 kwenye akaunti ya tofauti. 45,000 inagawanyika kwa 9, na tarakimu mbili zikibadilishana nafasi tofauti huwa hivyo daima, basi nashuku zimepishana. Kweli, nimeandika 183,000 badala ya 138,000. Mzee ananicheka: hata wewe!

Saa 7. Posho na maharage, nimesimama.

Saa 8. Mwalimu wa shule ya binafsi, miaka 47, amechukua sehemu ya akiba yake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022, aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Anataka niiandike mapato. Nakataa. Kila mwezi tumekuwa tukiingiza asilimia 5 ya mshahara wake na 10 ya mwajiri kwenye akaunti ya akiba, sasa fedha ileile ihesabiwe mara mbili? Imehama tu, kutoka akiba kwenda benki. Hakufurahi. Alitaka mwaka wake uonekane mnono.

Saa 11. Mzee karudi na swali la kiinua mgongo. Alistaafu 2012, akalipwa kwa mkupuo theluthi moja ya pensheni yake ya miaka 15. Hizi 420,000 ni theluthi mbili zilizobaki, kwa hiyo 2027 inapaswa kurudi kamili, 630,000. Nimeshaweka kikumbusho cha mwezi ambao miaka 15 itatimia. Angeendelea kuandika kinachobaki benki tu, asingejua hata kama hawajamwongeza.

Ananyamaza, anahesabu kwa vidole.

"Nichapishie hiyo karatasi. Herufi kubwa, mama yako asome bila miwani."