Kumtafuta afisa ustawi wa jamii mahali ambapo watu wote wanajuana

Wilayani Makete, mtu anayetaka kuzungumza na mtaalamu kuhusu jambo linalomsumbua moyoni hukutana na vizuizi viwili. Cha kwanza ni uchache wa wataalamu, na hicho kinasemwa kila siku. Cha pili hakisemwi sana: mtaalamu akipatikana, huwa ni jirani. Mnasali kanisa moja, watoto wake wanasoma na wa kwenu, na jioni mnakutana gengeni mkichagua nyanya. Nimelifikiria sana jambo hili tangu kaka yangu alipofariki na mwanawe, kijana wa kidato cha pili, akaanza kujitenga na wenzake, akaacha shule, na hatimaye akawa hasemi zaidi ya kuitikia salamu. Mimi ndiye shangazi anayeishi karibu naye, kwa hiyo kazi ya kumtafutia msaada ilikuwa yangu.

Kwa kulinganisha, nchini Marekani mtaalamu wa ustawi wa jamii anayeruhusiwa kutibu majeraha ya nafsi kwa njia ya mazungumzo huwa na shahada ya uzamili, hufanya kazi chini ya msimamizi kwa muda ambao kwa kawaida hufikia miaka 2 au zaidi, hufanya mtihani, kisha hupewa leseni ya jimbo lake. Kwetu anayetafutwa ni afisa ustawi wa jamii mwenye ujuzi wa ushauri nasaha. Wengi wa maafisa hawa wamepitia Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wanafanya kazi ama katika ofisi ya halmashauri ama hospitalini. Wananchi wengi humchanganya na afisa maendeleo ya jamii, ambaye anashughulikia vikundi na ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukimwambia mtendaji wa kijiji kwamba unamtaka "yule wa mambo ya jamii", usishangae ukiulizwa kikundi chenu kina wanachama wangapi.

Afisa wa halmashauri ana mzigo ambao ni vyema kuufahamu kabla ya kumlaumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na wajibu huo kwa vitendo humwangukia yeye: matunzo ya watoto waliotelekezwa, watoto walio katika mkinzano na sheria, ukaguzi wa makao ya watoto, na juu ya hayo ugomvi wa wanandoa na wazee waliokosa wa kuwatunza. Mtu anayehitaji kusikilizwa kwa saa nzima, tena kwa majuma kadhaa mfululizo, hubanwa katikati ya foleni hiyo. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, tulisikilizwa mlango ukiwa wazi, mtumishi mwingine akichapa barua pembeni, na kwenye benchi la nje ameketi mama ninayeimba naye kwaya. Kabla ya juma kuisha, muuza viazi sokoni aliniuliza kama kijana wetu "ametulia".

Hapa mkoani Njombe kuna sababu nyingine inayofanya siri iwe na uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima mkoani humu ni asilimia 12.7, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Kwa miaka mingi huduma ya ushauri nasaha iliwafikia watu wetu kupitia upimaji na kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, na matokeo yake ni kwamba yeyote anayeonekana akizungumza faraghani na mshauri hudhaniwa kuwa amepewa majibu. Kijana wa miaka kumi na sita analijua hilo vizuri kuliko wazazi wake. Hata hivyo, na hili wengi hawalizingatii, washauri wa kliniki hizo ndio wasikilizaji wazoefu kuliko wote tulio nao huku milimani. Wamekaa na wajane, yatima na watu walioamini kwamba maisha yao yamekwisha. Mmoja wao ndiye aliyetuelekeza hospitali ya rufaa, akatuandikia barua, na hakutaka kujua zaidi ya yale aliyoyahitaji kwa ajili ya barua hiyo.

Katika hospitali za rufaa za mikoa na ile ya kanda jijini Mbeya, ustawi wa jamii ni kitengo kinachojulikana zaidi kwa misamaha ya matibabu. Asiye na uwezo wa kulipa hupelekwa huko, huhojiwa kuhusu hali yake, na akithibitika hupewa msamaha. Kwa sababu hiyo anayekukuta kwenye benchi lao hudhani umeshindwa kulipia dawa, na nakiri kwamba sijawahi kufurahi kiasi hicho kuhesabiwa miongoni mwa maskini.

Tofauti ya afisa ustawi wa jamii aliyetupokea hospitalini na wengine waliomwona kijana wetu ilijitokeza katika maswali yake. Muuguzi alikuwa ameuliza kuhusu usingizi na hamu ya kula, mchungaji aliuliza kuhusu sala, nasi nyumbani tulikuwa tukiuliza kwa nini hataki shule. Afisa aliuliza analala chumba kimoja na nani, nani analipa michango ya shule, na mali ya marehemu iko mikononi mwa nani. Ndipo ikafahamika kwamba shamba la paini na milingoti ambalo baba yake alimwonyesha kuwa ndilo litakalomsomesha lilikuwa limevunwa na wakubwa wa ukoo, mbao zikauzwa, na mtoto aliyaona malori yakipakia. Huzuni yake ilikuwa na mlango wa pili ambao hakuna kati yetu aliyekuwa ameugonga. Afisa anayeishi jirani nasi huenda angelijua suala la shamba hilo mapema, lakini kijana asingemwambia, kwa sababu mmoja wa wavunaji ni mzee wa kanisa analosali afisa huyohuyo.

Kwa hiyo sishauri kila mtu aende mbali. Mume anayelewa ulanzi na kupiga watu nyumbani anahitaji afisa wa karibu, anayeweza kufika bila taarifa na kurudi tena. Vivyo hivyo mzee aliyetelekezwa. Ila kwa jambo ambalo wahusika wake ni ndugu na majirani, ningetafuta mtu wa wilaya nyingine, na kabla ya kusimulia chochote ningemuuliza wazi nani mwingine anasoma faili, tukikutana stendi atanisalimu vipi, na ni jambo gani atalazimika kulipeleka kwingine hata nikimwomba anyamaze. Afisa mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Wa kwetu alimweleza kijana moja kwa moja kwamba akibaini mtoto anadhurika, sheria haimruhusu kukaa kimya. Mtoto mwenyewe anaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo, na palipo na kipigo au ubakaji Dawati la Jinsia na Watoto la polisi halihitaji barua ya mtu.

Kati ya safari na safari ya hospitalini, kijana na afisa huyo wanazungumza kwa simu, jambo ambalo huku si rahisi kama linavyosikika, kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina dari na neno linalosemwa chumbani husikika jikoni. Kijana hupanda hadi ukingoni mwa shamba la pareto, ambako mtandao pia ni mzuri zaidi, na siku za ukungu na mvua mazungumzo huahirishwa. Afisa wa hospitali, kwa ridhaa ya kijana na ya mama yake, alimwandikia mwenzake wa halmashauri kuhusu shamba pekee, bila kugusa mengine. Mirathi sasa imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, wale wakubwa wa ukoo wameitwa, na wawili kati yao hawatusalimu. Kijana amerudi shule na anarudia kidato cha pili.