Nguzo ya Mtarakwa

Juzi tulipokuwa tukipanua lango, fundi aliipitisha msumeno nguzo ya zamani, na harufu ya mtarakwa ikatoka mbichi kana kwamba mti ulikuwa umeangushwa asubuhi hiyo. Nguzo hiyo imekaa ardhini tangu nikiwa mtoto bila kuguswa na mchwa. Nilichota unga wake mwekundu kiganjani, na papo hapo nikarudi Kinangop ya utotoni, kwenye nyanda za juu za Kenya.

Mti ulikuwa mpakani mwa shamba letu la viazi, na Babu aliukata kwa sababu tulihitaji nguzo. Shoka, kamba na majirani waliokuja kusaidia vimenififia. Ninachokiona hadi leo ni yule mwewe mwenye kifua cheupe na mkia wa rangi ya kutu, ambaye alirudi mti ukiwa umekwisha kulala. Alikuwa amebeba fuko, yule mnyama mchimbaji anayetafuna viazi chini ya ardhi, na mkia mfupi wa fuko huyo ulining'inia katikati ya makucha. Alizunguka polepole pale pale kilele kilipokuwa, kwa kimo kile kile, kama kwamba kiota kilikuwa kingali hewani na ni macho yake tu yaliyokosea. Kisha akashuka, akatua kwenye kisiki, akatutazama.

“Mzee, huyo ndiye aliyekuwa akitulindia viazi,” Nyanya alisema.

“Ndege ana mabawa,” Babu akajibu. “Atapata mti mwingine.”

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi. Ni kweli kwamba mwewe huvuka ikweta kwa mabawa yake siku yoyote apendayo. Mtarakwa nao uliivuka, peke yake katika jamii yote ya mijunipa, miti ya ukoo wake, lakini kwa vizazi na vizazi, mbegu zake zikibebwa na ndege wanaokula matunda yake madogo ya buluu iliyoiva. Mti huo unaoweza kufikia mita 40 hauna namna ya kuhama. Mwewe naye anaweza kuhama, ila kiota hakihami. Sikuthubutu kuchungulia katika matawi yaliyoanguka, na sikuwahi kumuuliza Babu kama mlikuwa na kifaranga.

Nilimwomba fundi asiipasue nguzo iwe kuni. Tumeichimbia upya ukingoni mwa shamba, kwa kuwa mwewe hupenda kuvizia fuko akiwa ametua juu ya nguzo. Kila asubuhi ninaitazama. Bado hajatua.