Siku moja na antena yangu, mtaani Tudor, Mombasa

Saa 12 asubuhi, feri ya Likoni. Mama anayeuza samaki mtaani kwetu kaniuliza tena: "Mwanangu, hizo mashine zenu zishajua tetemeko litakuja lini?" Nikamwambia bado, mama. Hajasahau Desemba 26, 2004, watu walipoondolewa fuoni kwa ajili ya tsunami iliyotoka Sumatra.

Saa 2 niko paani, nafuta chumvi na kinyesi cha kunguru. Kipokezi chetu husikiliza setilaiti za GPS, kilomita 20,200 juu, kwa masafa mawili: megahezi 1575.42 na 1227.60. Ishara zikipita kwenye ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye elektroni huru, elektroni hizo huzichelewesha, na ile ya masafa ya chini huchelewa zaidi. Tofauti hiyo ndiyo hutupa hesabu ya elektroni zilizo njiani, na humo ndimo tunatafuta dalili za tetemeko.

Kuanzia saa 4 hadi adhuhuri ni data za tetemeko la Tohoku, kazi niipendayo kuliko zote. Machi 11, 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipiga Japani, saa 2:46 asubuhi kwa saa zetu. Mwanasayansi Kosuke Heki aliripoti kwamba elektroni ziliongezeka juu ya eneo lile dakika kama 40 kabla. Wenzake wakapinga: mstari wa kulinganishia, unaoonyesha hali ya kawaida, ulichorwa kwa kutegemea pia data za baadaye, wakati elektroni zilikuwa zimeshapungua kwa sababu ya tsunami yenyewe, ndiyo maana za kabla zikaonekana zimepanda. Nauchora mstari kwa njia zote mbili, na naona hoja yao ina uzito. Yanayotokea baada ya tetemeko hayana ubishi: mawimbi ya mtikisiko hupanda hewani na kuifikia ionosfia kwa dakika kama 10. Hayo yanaweza kusaidia tahadhari ya tsunami.

Wali, samaki wa kupaka, swala.

Saa 9 alasiri elektroni zimejaa. Huku karibu na ikweta hupanda na kushuka sana hata ardhi ikiwa imetulia, kwa hiyo kila ongezeko nalipima kwanza na jua, kisha na dhoruba za sumaku ya dunia. La leo ni la jua.

Saa 1 usiku ishara za setilaiti mbili zinayumbayumba, kama kawaida baada ya machweo. Natia alama kipindi hicho kisitumike, nafunga mlango, nakimbilia matatu. Kesho nitamweleza mama zile dakika 10.