Harufu ya sifa

Jana asubuhi saa nne, maji yamepwa, kuna mtu alikuwa akipaka mashua yake sifa hapa mbele. Harufu ile ya mafuta ya papa ikanirudisha Matondoni, kijiji cha Lamu, kwa ami, na zile kurasa za hukumu ya kijana aliyefungwa kwa mauaji, kesi niliyokuwa nikiichunguza kwa kipindi cha redio.

Ami alikuwa chini ya makuti akikalafati dau, akiziba nyufa zake, pamba imetapakaa magotini. Karatasi hakutaka kuzishika, mikono ina mafuta. Nikamsomea. Shahidi pekee wa mauaji yale alisema saa nne usiku alimwona mshtakiwa akishua mashua kwenye mkono wa bahari, akatweka tanga, akaenda zake.

"Usiku gani?"

"Wa nisfu Shaabani, ami. Watu walikuwa wametoka msikitini."

Nyundo ikasimama. "Soma tena hapo pa saa." Nikasoma. Akachora mchangani kwa kidole mstari wa pwani, kisha mwingine mbali, mbali mno. "Mwezi kumi na tano ni bamvu, mwanangu, hujaa sana, hupwa sana. Bamvu hapa hujaa saa kumi alfajiri. Saa nne mai yamepwa yote. Akaishue wapi, topeni?" Akarudia kugonga pamba yake, kana kwamba kesi imekwisha.

Miezi minane nilikuwa nimehoji majirani, askari, mawakili. Habari ya maji sikumuuliza mtu. Na Lamu nimezaliwa!

Jedwali la maji la bandari likamuunga mkono ami, tukarusha kipindi redioni. Kitanzi kijana alishakiponea: alikuwa miongoni mwa wafungwa 2,747 ambao mwaka 2016 Rais Kenyatta aliwabadilishia hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ibara ya 50(6) ya Katiba inaruhusu kesi isikilizwe upya rufaa zikigonga mwamba, mradi pawe na ushahidi mpya na mzito.

"Mzito, sawa," wakili akaniambia. "Mpya? Bahari ilikuwepo siku ya kesi."

Na pengine shahidi alikosea saa tu. Saa ya mkono hakuwa nayo. Hilo nililisema hewani, kwa sekunde chache, na mamake kijana mpaka leo hajanisamehe.

Jana ilikuwa mwezi kumi na sita. Saa nne usiku nikashuka na tochi. Ile mashua ya sifa mbichi imelala ubavu kwenye tope, paka wanatafuta kaa chini yake. Nikaipiga picha, kama nilivyopiga bamvu lililopita.