Nilivyopima siku ya mkulima wa mwani bila kuuliza saa

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu jinsia na kazi katika vijiji vya mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Swali lenyewe ni jepesi kuliandika: mwanamke anayelima mwani siku yake inakwendaje, na ya mumewe inakwendaje? Kulipima ndiko kulikonitoa jasho.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume walikuwemo. Bei ilipobaki chini wengi wakarudi kwenye uvuvi, wengine wakafuata ajira za utalii, na sasa ukienda pwani maji yakitoka utakaowaona wameinama ni wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nje na kutolewa karajinani, ile inayoifanya dawa ya meno iwe nzito. Ni bidhaa ya soko la dunia, yenye mnunuzi na mizani. Hata hivyo muulize mume kazi ya mkewe, atakujibu: "Hana kazi, huenda pwani kidogo."

Dodoso la kawaida la nguvukazi huuliza mtu alifanya nini katika siku saba zilizopita. Nililijaribu katika kijiji kimoja kabla ya kuanza utafiti wenyewe. Bi mmoja akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wiki hii maji mafu. Ungekuja bamvua ungenikosa hapa kibarazani."

Jibu lake lilitosha kulivunja dodoso zima. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Siku hizo maji hutoka mbali na kukauka kuanzia kama saa nne asubuhi, halafu kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haitoki mbali, wengi hawaendi shambani kabisa. Kwa hiyo mtafiti anayeuliza habari za siku saba anaweza kumwandika mwanamke yuleyule kuwa hana kazi, au kuwa anachapa kazi kupita mfanyakazi wa ofisini, kutegemea tu wiki aliyoshuka kwenye daladala.

Nikaamua kufuata mwezi. Kila kaya niliitembelea mara mbili, siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu, na kipimo changu kikawa siku kumi na nne badala ya saba. Sheha, kiongozi wa serikali kijijini, alipoona kibali changu aliuliza mbona nachagua siku kama mvuvi. Nilipomweleza akaniandikia mwenyewe siku za bamvua za miezi mitatu iliyofuata.

Saa nazo nikaziacha. Ukimuuliza mtu "uliamka saa ngapi?" anakubahatishia. Ukimuuliza "baina ya alfajiri na maji kutoka ulifanya nini?" anakumbuka kila kitu, mpaka nani alimwagiwa uji. Siku ikagawika kwa adhana tano pamoja na maji kutoka na maji kujaa. Tulichora mstari mchangani, kila adhana na alama yake, na kina mama wakaweka kokoto baina ya alama, kila kokoto kazi moja. Walirekebishana bila huruma. Mmoja akisahau, shoga yake anadakia: "Na kuni alileta nani? Jini?"

Swali lililozaa matunda kuliko yote lilikuwa la maneno mawili: "Na huku?" Anafunga mbegu kwenye taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, na huku? Namtazama mjukuu. Anarudi kutoka shambani, na huku? Naokota chaza wa mboga. Kokoto zikaanza kupandana juu ya kokoto. Kwa wanaume hazikupandana sana. Mtu akivua anavua, akishona nyavu anashona nyavu, na alasiri mara nyingi ilikuwa tupu. Sisemi hivyo kuwasema. Uvuvi wa usiku unachosha, na wapo waliobeba magunia ya mwani kwa baiskeli bila kuliona hilo kuwa kazi ya kuhesabiwa.

Msimamizi wangu alikuwa na wasiwasi wa haki: alasiri utaiingizaje kwenye kompyuta? Hapo jiografia ilinibeba. Unguja iko karibu na ikweta, kama nyuzi 6 kusini, kwa hiyo magharibi ya Juni na magharibi ya Februari hazipishani hata saa moja. Nilichukua kalenda ya swala na jedwali la maji kupwa na kujaa, nikageuza kila alama kuwa saa, jioni, peke yangu, bila kumsumbua mtu. Kazi hii inachosha macho lakini haina ufundi wowote.

Siku ya utetezi, mtahini mmoja alitaka kujua kwa nini kupika na kuteka maji kumo kwenye jedwali la kazi. Nilijibu kwa azimio la watakwimu wa kazi waliokutana Geneva mwaka 2013, lililotambua huduma za nyumbani zisizolipwa kuwa kazi, ingawa si ajira. Akaridhika, akahamia kwenye mpangilio wa viambatisho.

Anayetaka kuutumia mtindo huu Pemba, kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, aandae mistari miwili tangu mwanzo, wa mke na wa mume, na amhoji kila mmoja peke yake. Mimi niliwahoji hivyo, kisha nikamwomba kila mmoja aweke na kokoto za mwenzake. Wake walizipatia za waume karibu zote. Waume wengi waliishia kuuliza kama kuna haja ya kujaza mstari wote.