Kodi mbili za Lewiston

Basi la kutoka Boston lilinishusha Portland mchana, dada yangu akanichukua kwa gari hadi Lewiston, jimbo la Maine, mwendo wa dakika 45 hivi. Theluji ya Machi ilikuwa bado imelala kando ya njia, imeingia weusi wa moshi wa magari.

Mji wenyewe ni mdogo, watu kama 37,000. Viwanda vya pamba vya matofali mekundu bado vimesimama kando ya mifereji ya mto Androscoggin. Zamani Wakanada wasemao Kifaransa walishuka kutoka Quebec kuja kufuma humo, na nyumba za mbao za ghorofa tatu, nne, zikajengwa zikibanana ili wapate pa kulala. Tangu 2001 wakaja Wasomali, kisha Wakongo, Warundi na Waangola, wakaingia katika nyumba zile zile. Barabara zake zinaitwa Walnut, Pine, Birch, basi mtaa mzima huitwa Tree Streets, mitaa ya miti.

Dada alinipitisha kwanza pale alipokuwa akikaa zamani, tukamwamkie jirani yake, mama mmoja wa Bukavu. Mama alisukuma dirisha juu tupate hewa, na vipande vya rangi vikadondoka ukingoni, vyepesi kama maganda ya kitunguu. Alivifuta upesi kwa kitambaa kibichi kabla mjukuu hajatambaa kufika. Rangi za kale zina madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini nyumba hizi ni kuukuu kuliko marufuku hiyo. Mtoto akila vumbi lake, ubongo ndio unaoumia. Mpwa wangu alipimwa damu akakutwa nayo. Mwenye nyumba alipaka rangi mpya juu ya ile mbovu, akaendelea kuchukua kodi yake.

"Na wewe mama, jina lako liko kwenye orodha ya nyumba za bei nafuu?" nikamuuliza.

"Miaka mbili niko nangojea, mwanangu."

Dada alishabahatika. Usiku ule, kwenye nyumba yake mpya ya vyumba viwili, yenye madirisha yasiyopitisha baridi, tulikunywa chai ya tangawizi akaniambia kilichokuwa kikimsumbua. Siku ya kutia saini mkalimani alimwambia jengo hili limejengwa kwa "punguzo la kodi". Akafurahi, akauliza kodi yake itapungua kiasi gani. Kumbe ni kodi nyingine.

Kiswahili chetu kimeziita zote mbili kodi, ya serikali na ya nyumba, na huwezi kuuelewa mpango huu bila kuzitenganisha. Sheria ni ya 1986, wakati wa Rais Reagan. Kila jimbo hupewa fungu la nafuu ya kodi ya serikali kulingana na idadi ya watu wake; hapa MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, huwashindanisha wajenzi. Anayeshinda huiuza nafuu ile, mara nyingi kwa benki. Benki inatoa fedha taslimu za kujengea, halafu inapunguziwa kodi ya serikali kwa miaka 10. Mjenzi hakukopa sana, kwa hiyo anaweza kutoza kodi ya nyumba ya chini, tena analazimika. Kwetu Kenya tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na unaiona kwenye slipu. Huku Marekani serikali inaacha kuchukua, na pengo halionekani na mtu. Hata hivyo zaidi ya nyumba milioni 3 zimepatikana kwa njia hiyo.

Lipo linaloniuma. Kiwango cha juu cha kodi ya nyumba hukadiriwa kwa kipato cha kati cha eneo, si kwa mshahara wa mpangaji. Dada anapakia mizigo ghalani usiku. Analipa sawasawa na jirani anayemzidi mshahara, na mwisho wa mwezi hana akiba. Tena masharti ya bei yana mwisho, kwa sheria ya nchi nzima angalau miaka 30, na baadaye mwenye jengo anaweza kupandisha. Mpwa wangu ana miaka mitano. Nilihesabu kimoyomoyo nikanyamaza.

Serikali kuu iliupa mtaa huu dola milioni 30 mwaka 2021, na majengo mapya yanainuka. Lakini foleni ni ndefu kuliko majengo.

Asubuhi tulirudi kwa mama wa Bukavu. Fomu ya kuomba nyumba ilitaka slipu za mshahara za kila mtu mzima wa nyumba, taarifa za benki, barua ya kila msaada. Tulizitandaza mezani, mbali na dirisha. Mwanawe wa kiume alikuwa amebadilisha kazi bila wao kupeleka taarifa, na kukosa karatasi moja tu ya kazi hiyo mpya kungeweza kuwarudisha nyuma. Tulimpigia simu kazini, akatuma picha ya slipu mpya, dada akaenda kuichapisha maktaba. Saa tisa mama alifunga bahasha, akavaa koti lake zito, akasema ataipeleka ofisini mwenyewe kwa mkono wake.