Swali la Mzee wa Bombo

Nilipokuwa nasoma uzamili Kampala, fundi wa maabara yetu alikuwa mzee Mnubi wa Bombo. Siku ya kwanza mimi wa Bukoba nilimwamkia shikamoo, akaitikia "Marahaba, mwanangu," na tangu hapo kazi yote tukaizungumza kwa Kiswahili.

Nilichunguza jinsi molekuli za plastiki zinavyolala, hasa usoni, maana uso ndio unaoamua kama wino utashika. Tulitumia mtawanyiko wa mwanga aliougundua mwanafizikia C. V. Raman kule Kolkata, India, mwaka 1928. Mwanga ukipiga kitu, karibu wote unaotawanyika hubaki na rangi yake. Sehemu ndogo mno hubadilika rangi, na badiliko hilo hueleza atomi zipi zinatikisika, na vipi.

Asubuhi moja nilikata ukanda wa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, niliyopewa dukani Wandegeya, nikauvuta taratibu. Haukukonda wote kwa pamoja. Ulibana kiuno mahali pamoja, kisha kiuno kikarefuka huku na huku, kikawa kigumu kama uzi wa kuvulia. Mzee akaubandika kwenye kioo, akauweka chini ya hadubini, tukawasha leza ya kijani ya nanomita 532.

Mwanga ulipotikisika sambamba na upande niliovutia, kilele cha 1130 kwa sentimita kwenye grafu ya mwanga uliobadilika rangi, kinachotokana na kaboni za uti wa mnyororo wa molekuli, kikasimama wima. Mzee akageuza sampuli nyuzi 90. Kikanywea. Akairudisha, kikapanda. Nilimwomba arudie tena na tena. Minyororo ambayo hakuna jicho litakaloiona ilikuwa inatuonyesha ilikoelekea!

Ndipo akauliza, "Na pale juu kabisa, mwanangu, zimelala hivyohivyo?"

Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo, hata na wasahihishaji wa tasnifu yangu. Leza yetu, hata ikikazwa vipi, ilisoma kina cha mikromita moja hivi, yaani nanomita elfu, na uso wenyewe ni nanomita chache tu. Nikamweleza kwamba mwanga wa ndani unaufunika ule wa juu.

"Basi tafuta mwanga usioona ndani," akasema.

Upo. Leza mbili, moja ya infraredi na nyingine ya mwanga wa kuonekana, zikikutana usoni huzaa mwanga wa tatu. Ndani, ambako kila mwelekeo wa molekuli una wa kinyume chake, ishara hiyo hujifuta. Usoni, ulinganifu unapovunjika, hubaki. Maabara yetu haikuwa na mtambo huo. Jioni ileile nilianza kuandika maombi ya kwenda kuusomea.